Afya ya mbwa na paka nyumbani: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa mfugaji anayeanza

Wafugaji wapya wa mbwa na paka huuliza karibu maswali yale yale kila mara. Mbwa wangu amejaa kupe, je, nimwogeshe kwa dawa ya ng'ombe? Paka wangu amenyong'onyea na mwili wake una joto, nimpe nusu kidonge cha parasetamoli? Mtoto wa mbwa niliyepewa wiki iliyopita anahara damu, je, anaweza kusubiri mpaka Jumatatu? Majibu mafupi ni haya: dawa ya ng'ombe ikichanganywa kwa kukisia ni hatari kwa mbwa, na kwa paka haifai kabisa, nusu kidonge cha parasetamoli kinaweza kumuua paka, na mtoto wa mbwa anayehara damu hasubiri hata kesho. Majibu marefu ndiyo mwongozo wenyewe.

Ninamwandikia mtu anayeishi Dar es Salaam, Mombasa, Nakuru au Mwanza, mwenye mbwa wa kulinda ua au paka wa ndani, ambaye hana daktari wa mifugo mtaani kwake. Mwongozo hauchukui nafasi ya daktari huyo. Kusudi lake ni kukuwezesha kuziona dalili mapema, kwa sababu magonjwa mengi yanayoua mbwa na paka katika mazingira yetu huanza na ishara ambayo mkono na jicho la mwenye mnyama vingeweza kuipata siku mbili tatu kabla mnyama hajaanguka.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari dogo la kila mnyama, pamoja na kadi yake ya chanjo.
- Mizani ya kupimia watu, na ya jikoni kama una watoto wa paka au wa mbwa.
- Kipimajoto cha dijitali kitakachotumiwa na mnyama peke yake, pamoja na mafuta ya mgando.
- Kibano chenye ncha nyembamba, kitana cha chawa, glavu, pamba na chupa ndogo ya spiriti.
- Bomba la sindano lisilo na sindano, kwa ajili ya kunyweshea.
- Taulo kuukuu nene.
- Chumvi ya kawaida kwa ajili ya kuoshea vidonda: kijiko cha chai kisichojaa sana katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa.
- Namba za simu za wahudumu wawili wa mifugo, mmoja wa karibu, awe afisa mifugo wa kata au daktari binafsi, na mwingine anayefanya kazi usiku na siku za sikukuu.

Orodha haina dawa hata moja, na hilo ni la makusudi. Kabati lililojaa chupa zilizobaki humshawishi mtu kutibu kabla ya kujua anachotibu.

Hatua ya 1: Mpime na umwandike

Andika tarehe ya kuzaliwa au makadirio yake, jinsia, tarehe za chanjo na za dawa ya minyoo, kisha uzito. Panda mizani ukiwa umembeba mnyama, halafu pima tena ukiwa peke yako na utoe. Ukisoma kilo 64 pamoja naye na kilo 52 peke yako, mbwa wako ana kilo 12. Watoto wapimwe kila wiki na wakubwa kila mwezi. Uzito ndio msingi wa kipimo cha kila dawa utakayoandikiwa, na mara nyingi ndio unaotangulia kusema kwamba kuna tatizo: mbwa wa kilo 12 aliyepungua kilo moja na nusu huonekana wa kawaida machoni pa watu wanaomwona kila siku.

Hatua ya 2: Mzoeze kushikwa

Anza akiwa mzima. Kila jioni kwa dakika chache shika miguu yake, fungua vidole, inua masikio, inua mdomo wa juu uone fizi, kisha mpe kitu anachokipenda. Paka asiyependa kushikwa mzungushie taulo, ukiacha kichwa nje. Kosa la kawaida ni kusubiri mpaka mnyama aumwe ndipo ashikwe kwa mara ya kwanza. Mnyama mwenye maumivu huuma, hata aliye mpole kuliko wote.

Hatua ya 3: Mkague kila wiki, kuanzia kichwani hadi mkiani

Chagua siku moja, mahali penye mwanga wa kutosha, na ufuate mpangilio uleule kila mara ili usisahau sehemu yoyote. Ukaguzi mzima hauzidi dakika kumi.

Anza kabla hujamgusa. Akiwa amelala au ametulia kivulini, hesabu mara ambazo ubavu unapanda katika dakika moja. Mbwa aliyetulia hupumua kati ya mara 15 na 30, na paka kati ya 20 na 30. Mbwa huhema mdomo wazi wakati wa joto na hilo ni jambo la kawaida, lakini paka anayepumua mdomo wazi akiwa ametulia yuko katika hatari na anapaswa kupelekwa kwa daktari mara moja.

Kisha inua mdomo wa juu uangalie fizi. Fizi za mnyama mzima ni za waridi na zina unyevunyevu. Bonyeza ufizi kwa kidole mpaka pale ulipobonyeza pageuke peupe, halafu achia: rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde mbili. Fizi zilizofifia na kuwa nyeupe humaanisha upungufu wa damu au mshtuko, za njano humaanisha ini au chembe za damu zinazovunjika, na zinazonata humaanisha kwamba maji yamepungua mwilini. Mbwa wengi wa kienyeji wana fizi zenye madoa meusi au nyeusi kabisa. Kwa hao vuta chini kope la chini la jicho uangalie utando wa ndani.

Macho yawe angavu, bila ute wa njano au wa kijani. Masikio yasinuke. Ukikuta ndani ya sikio la paka nta nyeusi, kavu, yenye punjepunje, naye anajikuna na kutikisa kichwa, kuna uwezekano mkubwa wa utitiri wa masikio. Usimwagie mafuta ya taa wala spiriti. Anahitaji dawa ya matone, na paka wote wa nyumba hiyo hutibiwa pamoja.

Pitisha vidole dhidi ya mwelekeo wa manyoya, polepole, ukitafuta uvimbe, vidonda, magamba na wadudu. Vuta ngozi ya juu ya mabega na uiachie: ikirudi taratibu au ikibaki imesimama, mnyama amepungukiwa na maji, ingawa kwa wanyama wazee au waliokonda kipimo hiki hudanganya. Mbavu uzisikie kwa vidole bila kubonyeza sana. Zikionekana kwa mbali amekonda, na usipozisikia kabisa amenenepa kupita kiasi. Maliza kwa kuangalia nyayo, katikati ya vidole, kinena na chini ya mkia.

Joto halipimwi kila wiki, hupimwa pale tu unapomshuku. Pua kavu au yenye joto si kipimo cha homa. Paka mafuta ya mgando kwenye ncha ya kipimajoto, ingiza takribani sentimita mbili kwenye njia ya haja kubwa huku mtu mwingine akimshika, na usubiri mlio. Kiwango cha kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 za Selsiasi, kwa hiyo 38.8, ambayo kwa binadamu ingekuwa homa, kwa mbwa na paka ni hali ya kawaida. Ikizidi 39.5 akiwa amepumzika kivulini, mpigie daktari simu. Ikifika 41, au ikishuka chini ya 37.5, ni dharura.

Hatua ya 4: Dhibiti kupe na viroboto

Hatua hii inastahili muda mrefu kuliko nyingine zote, hasa kwa mwenye mbwa. Kupe wa kahawia wa mbwa hueneza magonjwa mawili ambayo kila daktari wa mifugo wa huku anayajua vizuri, nayo ni ehrlichia na babesia. La kwanza huleta homa, kukonda, fizi zilizofifia na wakati mwingine damu puani. La pili huvunja chembe nyekundu za damu, na mkojo huweza kuwa wa rangi ya chai ya rangi. Yote mawili hutibika yakiwahiwa.

a) Tafuta kupe ndani ya masikio, chini ya ukanda wa shingo, kwapani, kinena, chini ya mkia na katikati ya vidole. Wale wadogo hufanana na kichwa cha sindano na hupatikana kwa kidole kuliko kwa jicho.

b) Vaa glavu. Shika kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta kwa mkono uliotulia moja kwa moja bila kupindisha, umtumbukize katika spiriti. Usimpasue kwa kucha, usimchome kwa moto wa kiberiti, na usimpake mafuta ya taa ili aachie. Osha mahali hapo kwa maji ya chumvi.

c) Chagua dawa ya kuzuia kulingana na aina ya mnyama, umri na uzito. Ziko za matone ya kudondoshea katikati ya mabega, vidonge vya kutafuna ambavyo hufanya kazi kwa mwezi mmoja hadi mitatu, kola na dawa za kuogeshea. Vidonge vya kutafuna vina bei, lakini kwa mtu ambaye husahau kuogesha kila wiki, kwa maoni yangu ndivyo vinavyoishia kuwa nafuu. Mbwa mwenye historia ya kifafa asipewe kabla daktari hajaelezwa.

d) Tibu banda. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa: kupe huyu hupanda ukuta, hujificha kwenye nyufa na jike mmoja hutaga maelfu ya mayai humo, kwa hiyo kumsafisha mbwa na kumrudisha kwenye banda lilelile ni kuanza upya. Toa magunia na matambara ya zamani uyachome, ziba nyufa kwa saruji, nyunyizia dawa ya banda mbwa akiwa nje, na umrudishe pakishakauka. Rudia kama lebo inavyoelekeza, kwa sababu dawa haiui mayai yote kwa mara moja.

Kuhusu dawa ya ng'ombe: nyingi zinazouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo zina amitrazi au sipermetrini kwa wingi uliokusudiwa mnyama wa kilo mia kadhaa. Amitrazi huweza kutumika kwa mbwa mkubwa kwa kipimo alichotoa daktari, lakini ikizidi humlegeza, hupunguza mapigo ya moyo na huweza kumuua. Paka hana uwezo wa kuvunjavunja permetrini na jamaa zake kama sipermetrini. Hata matone ya mbwa aliyopakwa mwenzake wanayelala pamoja yanaweza kumletea mtetemeko na degedege. Lebo isipotaja paka, usimpake paka.

Viroboto huonekana kwa nadra. Kinachoonekana ni kinyesi chao. Chana manyoya ya mgongoni karibu na mkia kwa kitana, weka vumbi jeusi lililotoka juu ya pamba yenye maji. Likisambaza rangi nyekundu ya kahawia, hiyo ni damu iliyomeng'enywa, na mnyama ana viroboto hata kama hujamwona hata mmoja. Fua matandiko kwa maji ya moto, fagia chini ya viti na kwenye pembe, na utibu wanyama wote wa nyumba siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Dawa ya minyoo kwa ratiba

Watoto wa mbwa huzaliwa na minyoo waliowapata tumboni mwa mama, na huongezewa kwa maziwa. Watoto wa paka huwapata kwa maziwa. Kwa hiyo tumbo kubwa la mtoto wa mbwa mwenye mbavu zinazoonekana si dalili ya kushiba. Mbwa huanza kupewa dawa akiwa na wiki mbili na paka akiwa na wiki tatu, hurudiwa kila wiki mbili hadi wiki nane, kisha kila mwezi hadi miezi sita, halafu kila baada ya miezi mitatu. Mama hutibiwa pamoja na watoto wake.

Vipande vyeupe vinavyofanana na punje za wali kwenye kinyesi au manyoya ya chini ya mkia ni vya minyoo tegu, ambao huhitaji dawa yenye prazikwanteli na hurudi baada ya wiki chache ikiwa viroboto hawajadhibitiwa, kwa kuwa kiroboto ndiye anayewabeba. Usimpe mbwa maini na mapafu mabichi ya machinjioni. Yakiwa na malengelenge ya maji ndani, mbwa hupata tegu mdogo ambaye mayai yake huwaletea binadamu uvimbe wa ini na mapafu, ugonjwa ambao kwa miaka mingi umewasumbua sana wafugaji wa Turkana.

Usitumie ivermektini ya sindano ya ng'ombe kama dawa ya minyoo ya mbwa kwa kukadiria matone. Tofauti kati ya kipimo na sumu kwa mbwa mdogo ni ndogo mno kuweza kupimwa kwa macho, na wapo mbwa, hasa wa ukoo wa koli (mbwa wa kuchunga kondoo), ambao miili yao haiivumilii kabisa.

Hatua ya 6: Chanjo

Mtoto wa mbwa huanza chanjo ya mchanganyiko, inayomkinga na parvo (virusi vinavyoleta kutapika na kuhara damu), distempa (virusi vinavyoshambulia mapafu, tumbo na neva) na homa ya ini, akiwa na wiki sita hadi nane, na hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka apite wiki 16. Kurudia huko si mbinu ya kukutoza fedha. Kinga aliyopewa na mama yake huizuia chanjo kufanya kazi, na hakuna anayejua kwa macho ni wiki gani imekwisha. Mpaka sindano ya mwisho ipite, usimtembeze mahali mbwa wengine wanapojisaidia. Paka naye ana chanjo yake ya mchanganyiko, kwa ratiba inayokaribiana na hiyo.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa mbwa na paka wakifika miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kila mwaka au kama kadi inavyoelekeza. Karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa cha mbwa waliambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza hakuna tiba. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe ili maambukizi yakatike. Uliza ofisi ya mifugo ya kata au ya kaunti kuhusu kampeni za uchanjaji. Nyingi hupangwa kuzunguka Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, na gharama huwa ndogo au hakuna.

Tahadhari moja ambayo haisemwi vya kutosha: chanjo hutunzwa katika nyuzi 2 hadi 8. Mtu anayekuja nyumbani kwako saa nane mchana na kichupa mfukoni mwa shati amekuletea maji. Mwombe akuoneshe boksi lenye barafu, tarehe ya mwisho ya matumizi, na abandike lebo ya kichupa kwenye kadi.

Hatua ya 7: Chakula na maji

Mbwa wetu wengi wanakula ugali, na ugali si sumu. Tatizo ni ugali mtupu. Mbwa anayelishwa nyumbani ahitaji protini katika kila mlo: dagaa waliooshwa na kuchemshwa, utumbo, mayai yaliyoiva au nyama ya mabaki bila viungo. Dagaa wa chumvi na ng'onda viachwe. Unga wa mahindi uliovunda, au pumba za bei ya kutupa, huwa na sumukuvu, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi: huacha kula, hutapika, fizi na macho hugeuka njano, kisha hufa kwa ini. Unga ambao wewe usingeula, asile.

Paka ni jambo jingine. Mwili wake hauwezi kujitengenezea taurini ya kutosha, ambayo hupatikana kwenye nyama na samaki, na akiikosa kwa muda mrefu macho na moyo huharibika. Ugali kwa maziwa si chakula cha paka. Maziwa yenyewe huwaharisha paka wengi waliokwisha kukua. Samaki apikwe na atolewe miiba.

Vitunguu maji na vitunguu saumu, vibichi au vya kwenye mchuzi, huvunja chembe za damu za mbwa na paka. Chokoleti, zabibu na pipi au bablishi zisizo na sukari ziwekwe mbali na mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Maji safi yawepo muda wote, na katika joto la pwani yabadilishwe mara mbili kwa siku.

Hatua ya 8: Kuoga, kucha na meno

Mbwa huoga mara moja kwa mwezi au anapochafuka, kwa shampuu ya mbwa. Sabuni ya unga huikausha ngozi na kuiletea upele. Paka hujisafisha mwenyewe. Kucha zikatwe ncha tu, ukiacha sehemu ya waridi yenye mshipa. Meno yapigwe mswaki kwa dawa ya wanyama, kwani ya binadamu haikuundwa imezwe.

Hatua ya 9: Kuhasi

Zungumza na daktari kuhusu umri. Paka wengi huhasiwa wakiwa na miezi minne hadi sita, na mbwa hutegemea ukubwa wao. Mbali na kuzuia uzazi, jike aliyehasiwa haathiriki na usaha wa kizazi, ambao hujitokeza wiki chache baada ya joto, yaani kipindi cha jike kutaka dume, na mbwa asiyezurura kutafuta mwenza hupunguza sana uwezekano wa kupata uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kujamiiana. Ukiona matone ya damu yasiyokoma kwenye sehemu za siri za mbwa dume au jike, usiyaite joto bila kupimwa.

Makosa yanayorudiwa

Parasetamoli humuua paka, na ibuprofeni na diklofenaki huharibu figo na tumbo la mbwa na paka. Hakuna kidonge cha maumivu cha binadamu kinachotolewa bila kuambiwa na daktari. Oili chafu ya gari haiponyi upele: mnyama huilamba, ngozi huungua, na utitiri huendelea kuishi ndani. Dawa za kuua vijidudu ambazo hugeuka nyeupe zikitiwa majini nyingi zina viasili vya fenoli, ambavyo paka hawezi kuvitoa mwilini. Zisitumike kwenye vidonda vyake wala kwenye sakafu anayolala kabla haijasuuzwa na kukauka. Na antibiotiki zilizobaki za mtoto wako hazitibu parvo, kwa kuwa ni virusi.

Mambo yakienda kombo

*Amekataa chakula.* Mbwa mkubwa aliyechangamka anaweza kuangaliwa kwa saa 24. Mtoto wa mbwa au wa paka asizidi saa 12. Paka mkubwa asipokula kwa siku mbili ini lake huanza kujaa mafuta, hasa akiwa mnene, kwa hiyo usimngoje achoke kususa.

*Anatapika na kuhara.* Mbwa mkubwa aliyetapika mara moja na bado anacheza apewe maji kidogo kidogo na wali laini wenye kuku wa kuchemsha. Mtoto ambaye hajamaliza chanjo, anayetapika na kuhara damu yenye harufu kali, mchukulie kuwa ana parvo mpaka daktari aseme vinginevyo: anahitaji maji ya mishipani. Mtenge na wengine. Kirusi hicho hudumu kwenye udongo na sakafu kwa miezi mingi; osha sakafu kwa sabuni kwanza, kisha kwa dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa sehemu 30 za maji, ikae dakika kumi. Usilete mtoto mwingine wa mbwa asiyechanjwa kwenye ua huo mwaka huo.

*Paka dume anaingia na kutoka kwenye mchanga wake, anajikamua na hatoi mkojo.* Watu hudhani amefunga choo. Mara nyingi njia ya mkojo imeziba, na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Nenda sasa hivi, hata kama ni usiku.

*Majipu yenye tundu katikati, na ndani kuna kitu kinachosogea.* Ni mabuu ya nzi wa maembe. Funika tundu kwa mafuta ya mgando kwa nusu saa ili buu akose hewa na kujitokeza, kisha bonyeza pande zote mbili taratibu mpaka atoke mzima. Buu akikatikia ndani, jipu huoza. Osha kwa maji ya chumvi, na matandiko ya mbwa yapigwe pasi au yaanikwe pasipo na kivuli, mbali na udongo.

*Viraka vya duara visivyo na manyoya.* Huenda ni mashilingi, ambayo watoto huyapata kwa kumkumbatia paka. Mtenge, vaa glavu, na mpeleke apimwe kabla ya kumpaka chochote.

*Kuna mjamzito nyumbani na kuna paka.* Paka hahitaji kufukuzwa. Mtu mwingine asafishe mchanga wake kila siku, kwa sababu vijidudu vya toksoplasma vilivyomo kwenye kinyesi huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza.

*Amekula sumu ya panya, au panya aliyekufa kwa sumu.* Usimnyweshe mafuta, maziwa wala maji ya chumvi, na usimtapishe bila kuelekezwa. Akiwa ameanza kutetemeka, kumtapisha kunaweza kumsakama. Chukua pakiti ya sumu uende nayo. Zipo sumu ambazo huzuia damu kuganda na mnyama huonekana mzima kwa siku kadhaa kabla ya kuvuja damu. Hizo zina dawa, nayo ni vitamini K1, iwapo daktari atajua mapema ni sumu gani.

*Amemng'ata au kumparura mtu.* Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata kama mbwa ni wako na amechanjwa, kisha mtu huyo aende kituo cha afya siku hiyohiyo akaamuliwe kuhusu sindano. Mbwa au paka asiuawe wala asifukuzwe. Afungwe mahali salama, alishwe, na aangaliwe kwa siku kumi na mhudumu wa mifugo akiwa na taarifa. Akibadilika tabia, akidondosha mate, akishindwa kumeza au akifa ndani ya siku hizo, usimguse kwa mikono mitupu. Mjulishe mhudumu huyo na kituo cha afya alikotibiwa mtu aliyeng'atwa.